Mayai ya Saa Nne

Jumatatu, 10 Machi

Mkurugenzi wa taasisi ametangaza leo kwamba chumba cha yavuyavu kitafungwa Ijumaa, tarehe 30 Mei, ikiwa wanyama hao watakuwa hawajaanza tena kutaga. Alisema hayo kwenye mkutano wa wafanyakazi, saa tano asubuhi. Aliyenipa habari ni wifi yangu, mke wa kaka, ambaye amekitunza chumba hicho kwa miaka kumi na tisa. Barua ya tangazo hilo nimeisoma. Ina mistari minne na muhuri mmoja.

Nilimpigia mhariri wangu.

"Mhusika ni nani yako?" akauliza.

"Wifi."

"Basi hiyo habari si yako."

Ni kweli. Nitaiandika humu.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kukiona chumba. Kina dirisha moja, meza mbili, pipa ambamo wifi huchanganya maji na chumvi, maana bahari iko mbali, na sanduku la mbao lenye ukubwa wa kabati la nguo.

Yavuyavu ni wanyama wa baharini, laini kama rojo; hawa si wale wanaowasha waogeleaji. Mkubwa wao anaenea kwenye ukucha wa kidole gumba. Wanapitisha mwanga kama glasi: chakula kikiingia tumboni unakiona, yai likikua unaliona. Ndiyo maana watafiti wanawataka, kwa kuwa hawana haja ya kupasua ili wajue kinachoendelea ndani. Ukimjeruhi mmoja, kidonda kinajifunga huku unatazama. Jina lao la kisayansi ni refu kuliko mwili wao, na wifi analitamka bila kujikwaa.

Wote wametokana na koloni mbili, ya kike na ya kiume, zilizoota juu ya vipande vya kioo kama ukungu juu ya mkate. Yavuyavu wachanga huchomoka humo na kuogelea. Koloni hizo zikifa, ukoo huo haupo mahali pengine popote.

Hutaga kila siku, dakika mia na kumi baada ya kupata mwanga. Taa ndani ya sanduku huwashwa na saa ya umeme, saa mbili asubuhi. Kwa hiyo saa nne kamili mayai huwa tayari chini ndani ya bakuli, na mtafiti anayeyahesabu, ambaye wote wanamwita Daktari, huingia na kalamu yake. Sanduku hufunguliwa wakati huo tu. Tangazo liko mlangoni kwa mwandiko wa wifi: HAKUNA KUFUNGUA KABLA YA SAA NNE WALA BAADA YA SAA NNE NA NUSU. Giza lao likivurugwa, hesabu yote inavurugika.

Leo wifi alizima swichi ya taa ya sanduku kwanza, maana mwaka juzi umeme ulimpiga akiwa na mikono yenye maji ya chumvi. Kisha akafungua, akatoa bakuli sita. Daktari akainama juu ya hadubini.

"Sifuri, mama."

"Andika."

Ni sifuri tangu tarehe 18 Februari. Wifi akanyonya uchafu wa chini ya bakuli kwa mpira mwembamba, akaumwaga, akawalisha wanyama wake, akawarudisha, akafunga mlango, akawasha swichi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika kwa saa moja na nusu. Ofisi yetu na taasisi tuko laini moja. Sifuri.

Jumamosi, 15 Machi

Chakula cha mchana kwa kaka.

"Wifi, umekonda," nilimwambia.

"Nimekonda wapi? Macho yako ndiyo yamezeeka. Nunua miwani."

"Ninayo."

"Basi nunua ya pili, uvae juu ya hiyo."

Kaka akacheka. "Wenzangu wake zao wanafuga kuku. Wangu anafuga maji."

"Na maji hayo yamekusomeshea watoto wawili, baba watoto. Sogeza sahani."

Kaka anataka aombe uhamisho kabla hajafukuzwa. Nilimwona ana busara.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Umeme umekatika dakika arobaini. Sifuri.

Jumatatu, 24 Machi

Mkurugenzi alimwita wifi ofisini akampa fomu. Nimeinakili: "Nakiri kwamba kukoma kwa utagaji kumetokana na uzembe wangu katika kuchanganya chumvi na kulisha." Akitia saini atahamishiwa stoo, na hakutakuwa na adhabu. Asipotia, ni kamati ya nidhamu.

Haya ndiyo mazungumzo yao kama wifi alivyonisimulia. Katibu muhtasi, aliyekuwa mlango wa pili, amenithibitishia.

"Mama, hii ni kukusaidia."

"Ahsante. Chumvi napima mara mbili kila siku, na vipimo ninavyo vya miaka kumi na tisa. Nionyeshe siku moja nilipokosea."

"Wanyama hawatagi."

"Hilo najua, ninawaona. Sijui kwa nini hawatagi, na wewe hujui. Nikiandika ni uzembe wangu, nitakuwa nimedanganya."

"Unanibishia?"

"Ninakujibu."

Akaiacha fomu mezani. Jioni nilimwambia anaweza kutia saini na kuandika chini kwamba hakubaliani. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Wewe umeandika magazetini miaka thelathini. Umewahi kutia jina lako chini ya habari usiyoijua?"

Sijawahi.

Alhamisi, 27 Machi

Radi. Umeme umekatika kwa saa mbili nzima. Sifuri.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Umeme, dakika hamsini. Sifuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Wifi amebadilisha chumvi. Amebadilisha kopo la chakula, yaani mayai makavu ya kamba wadogo sana, ambayo yeye huyatotolesha kwenye chupa. Amebadilisha bakuli. Kila kitu kimoja kwa wakati wake, siku nne nne, ili ajue kipi kimefanya kazi. Hakuna kilichofanya kazi.

Nilikuwa nikimwona mwenye maringo. Tangu siku ya harusi yao nilimwona hivyo, kwa jinsi alivyokataa kuacha kazi mama aliposema aache. Leo nilimkuta sakafuni sebuleni, madaftari kumi na tisa yamemzunguka, anasoma ya mwaka wa kwanza. Hakuwa akitafuta mtu wa kumsingizia. Alikuwa akitafuta kosa lake mwenyewe.

"Likiwepo nitalipata," alisema. "Nikilipata nitalisema. Ila nilipate mimi, wasinipe wao."

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua kubwa. Umeme, saa moja na nusu. Sifuri.

Jumatano, 16 Aprili

Nilimsubiri Daktari nje ya darasa lake. Nilimuuliza kama anaamini ni uzembe.

"Mimi naandika ninachokiona, dada."

"Na unachokiamini?"

"Hicho sijaulizwa."

Jina lake liko kwenye orodha ya kupandishwa cheo mwezi wa sita. Nimeandika pembeni: mwoga.

Alhamisi, 24 Aprili

Niliondoka ofisini saa tano na nusu kumpelekea wifi chakula, kwa kuwa kaka alinipigia akisema mkewe amegoma kutoka chumbani. Nilifika saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Yaliyotokea kabla nimeyapata kwake na kwa Daktari, kila mmoja peke yake, na yanalingana.

Saa nne kamili Mkurugenzi aliingia pamoja na Daktari. Wifi alizima swichi, akafungua sanduku saa nne na dakika tano, akapanga bakuli zote sita mezani karibu na dirisha. Daktari akahesabu. Sifuri. Mkurugenzi akaweka fomu katikati ya bakuli.

"Saini hapa. Nimekuvumilia vya kutosha."

"Itoe fomu yako kwenye meza yangu. Itaingia maji."

"Mama, unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Wewe unajua unazungumza na nani?"

Akamwambia atoke nje, akabidhi ufunguo. Wifi akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono. Alisema ufunguo alikabidhiwa kwa maandishi na ataurudisha kwa maandishi. Mkurugenzi akaondoka na fomu yake, ambayo kweli ilikuwa imelowa pembe. Daktari akabaki dakika moja, akasema "Mama, mimi...", kisha akaenda kufundisha.

Nilimkuta hapo hapo. Katika hasira zake alikuwa hajawalisha yavuyavu, hajanyonya uchafu, hajawarudisha sandukuni. Bakuli zilikuwa bado mezani, saa nzima na zaidi baada ya muda aliouandika mwenyewe mlangoni.

"Kula kwanza," nilimwambia.

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa."

Alikula vijiko vitatu, amegeukia dirishani. Kijiko cha nne hakikufika mdomoni. Alikiweka chini polepole.

"Wifi. Njoo huku. Njoo uone na hayo macho yako mabovu."

Chini ndani ya bakuli ya pili palikuwa na kitu kama unga uliomwagika. Hakikuwapo saa nne, Daktari alikuwa ameitazama bakuli hiyo kwa hadubini. Wifi alinyonya tone, akaliweka chini ya lenzi, akatazama, akanisukuma nitazame. Vilikuwa viduara, vyote sawa, vinapitisha mwanga. Nilitazama saa yangu: saa sita na dakika mbili.

"Mayai," nilisema.

"Nyamaza, nahesabu."

Alihesabu bakuli tatu za majike, mia moja na tisini na moja. Kisha akakaa chini, akaanza kuongea kama anayesoma.

"Saa nne na dakika tano niliwatoa, nikawaweka dirishani. Sasa hivi wametaga. Ni dakika mia na kumi na kidogo. Kwa hiyo mwanga wameupata pale nilipowatoa. Kabla ya hapo walikuwa gizani." Akanigeukia. "Walikuwaje gizani saa nne, na taa inawaka saa mbili?"

Tulivuta sanduku kutoka ukutani, mimi upande mmoja, yeye upande mwingine. Saa ya taa iko nyuma, duara lenye meno, haina betri wala haipiti kwenye swichi, inazunguka kwa umeme wa ukutani. Saa yangu ilisema saa saba kasoro dakika ishirini mchana. Saa ya taa ilionyesha saa tisa na dakika kumi usiku.

Ilikuwa nyuma kwa saa tisa na nusu.

Umeme ukikatika saa hiyo husimama. Ukirudi huendelea pale ilipoachia. Taa ilizidi kuchelewa kila umeme ulipokatika, hadi ikawa inawaka saa kumi na moja na nusu jioni, wifi akiwa ameshakwenda nyumbani. Yavuyavu walikuwa wakitaga baada ya hesabu, kila siku, bila kukosa. Asubuhi mayai yameshaharibika. Yeye alikuwa akiyanyonya kwa mpira na kuyamwaga, akidhani ni mabaki ya chakula. Na hakuna aliyewahi kuona kwamba taa imezimika, kwa sababu kila siku aliizima mwenyewe kabla ya kufungua mlango.

Nilifungua daftari hili. Umeme uliokatika tangu tarehe 10 Machi, kwa maandishi yangu, unafika saa sita na nusu. Fundi umeme wa taasisi alitufungulia kitabu chake: kati ya 17 Februari na 9 Machi, saa tatu. Jumla ni saa tisa na nusu.

"Miezi miwili," alisema wifi. "Nimemwaga mayai miezi miwili kwa mkono wangu."

Niliyaandika kama alivyoyasema.

Fundi ndiye aliyeongeza jambo la mwisho. Miaka yote umeme ukikatika jenereta ilikuwa inashika ndani ya sekunde chache, saa ya taa haihisi kitu. Tarehe 14 Februari jenereta ilihamishiwa jengo la utawala. Barua ya kuihamisha ilisainiwa na Mkurugenzi.

Jumamosi, 26 Aprili

Saa ya taa imerekebishwa. Saa nne asubuhi, mbele ya Daktari: mayai mia mbili na kumi na nne. Aliyahesabu mara tatu.

"Mia mbili na kumi na nne, mama."

"Andika," alisema wifi. "Na uandike vizuri, mwandiko wako mbaya."

Jumatatu, 28 Aprili

Mkurugenzi ameambiwa. Jibu lake, kwa maandishi: chumba kitafungwa tarehe 30 Mei, kwa kuwa nafasi inahitajika kwa ukumbi wa mikutano.

Tarehe haikubadilika. Kilichobadilika ni sababu.

Fomu nayo imebadilika. Sasa inasema uzembe ulikuwa katika "usimamizi wa vifaa vya umeme". Jenereta haikutajwa.

Wifi alitoa nakala ya barua aliyomwandikia Mkurugenzi tarehe 17 Februari, akiomba chumba chake kirudishiwe waya wa jenereta, kabla hajajua kwamba jambo hilo lingegusa saa ya taa. Ina muhuri wa kupokelewa. Haikujibiwa.

Kaka alikuwa amekaa nasi. Akasema, "Mke wangu, wameshikwa pabaya. Watu walioshikwa pabaya wanauma. Tia saini tulale."

"Lala wewe. Nani kakuzuia?"

Baadaye kaka alinisindikiza mlangoni. Aliniambia usingizi hana tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nimemwona mwenye busara. Ana hofu tu, na sina haki ya kumcheka.

Jumanne, 6 Mei

Barua ya kamati ya nidhamu imefika. Wifi ameandika majibu, ukurasa mmoja. Nimeombwa nisome, nisiguse neno. Kifungu cha kwanza: "Sikukagua saa ya taa kwa miezi miwili, na utaratibu niliouweka mimi mwenyewe ulizuia wengine wasione. Kosa hilo ni langu." Cha pili kinaeleza jenereta, na tarehe zake. Cha tatu kina sentensi moja: "Kosa langu nimelisema, la mwingine silibebi."

"Cha kwanza watakushikia hicho," nilimwambia.

"Wakishike. Ni cha kweli."

Ijumaa, 9 Mei

Daktari amepeleka marekebisho ya taarifa yake kwa Mkurugenzi na nakala kwa kamati. Ameandika kwamba sifuri zake zote zilihesabiwa vizuri ila kwa saa isiyo sahihi, kwamba wanyama hawakuacha kutaga hata siku moja, na kwamba yeye pia hakuuliza. Jina lake limeondolewa kwenye orodha ya kupandishwa cheo.

Nimerudi ukurasa wa tarehe 16 Aprili, nikafuta neno moja.

Jumatano, 14 Mei

Mvua zimepungua. Mayai mia mbili na tatu.

Jumatatu, 19 Mei

Koloni ya yavuyavu haifi kwa kukatwa. Ukikata kipande kwa wembe na kukifunga kwa uzi juu ya kioo kingine, kinashika baada ya siku chache, kinatambaa, kinakuwa koloni. Leo wifi amekata vipande kumi na viwili, sita vya kike, sita vya kiume. Kanuni za taasisi zinaruhusu kugawa sampuli kwa ajili ya mafunzo na utafiti, mradi mtafiti mmoja atie saini. Nimesoma kanuni hiyo mara mbili. Daktari ametia saini sita.

"Unajua utasema nini wakiuliza?" nilimuuliza Daktari.

"Nitawaonyesha kanuni, dada. Ukurasa wa thelathini na moja."

Vyuo vitatu, hospitali moja yenye maabara ya kufundishia, shule mbili za sekondari. Kila mahali jozi moja, mfuko wa chumvi, na karatasi ya maelekezo kwa mwandiko wa wifi. Mstari wa kwanza: "Kagueni saa ya taa kila siku."

Alhamisi, 29 Mei

Saa nane mchana Mkurugenzi alikwenda mwenyewe chumbani. Nilikuwepo, nimekuja kusaidia kufunga madaftari kwenye maboksi. Hakuniomba nitoke.

Alivuta kiti. Sauti yake ilikuwa ya upole, na sina sababu ya kusema haikuwa ya kweli.

"Mama, nakupa mwaka mzima. Chumba kibaki, wanyama wabaki, wewe ubaki na ufunguo wako. Kikao cha kamati nakifuta. Saini tu, tumalize."

"Hiyo fomu inasemaje kuhusu jenereta?"

"Jenereta haihusiki."

Wifi aliendelea kufunga boksi. Nilimtazama mikono. Najua anachokipenda ndani ya chumba kile, na kila kitu alikuwa amewekewa mezani.

"Hawa," alisema, akionyesha bakuli kwa kidevu, "ukiwakata wanaota upya. Sasa wako sehemu sita, utafunga ngapi? Mimi niko mmoja. Nikijikata hapo kwenye karatasi yako, sioti tena."

"Kwa hiyo unakataa."

"Ninakataa. Na kikao nakitaka. Nakitaka na mlango wazi, kanuni inaniruhusu kuomba, na nimeshaomba."

Mkurugenzi alisimama, akarudisha kiti mahali pake. Alipofika mlangoni alisoma lile tangazo la saa nne, sijui kwa mara ya ngapi, akaondoka.

"Wifi," nilisema, "unaogopa?"

"Sana. Nipe gundi ya karatasi."

Ijumaa, 30 Mei

Chumba kimefungwa saa kumi jioni. Wifi alikabidhi ufunguo kwa maandishi, akapewa risiti. Koloni mama mbili na bakuli sita zimehamia darasa la Daktari, pia kwa maandishi. Mayai ya leo, kabla ya kuhama: mia moja na themanini na nane.

Jumapili, 1 Juni

Mwalimu wa moja ya shule mbili amempigia wifi leo asubuhi, saa tatu na robo. Yavuyavu wa kwanza wamechomoka kwenye kioo chake, wanne. Wanafunzi wanagombana nani awalishe. Wifi alimuuliza kama saa ya taa imekaguliwa. Imekaguliwa.

Katibu wa kamati amethibitisha kwa barua: ombi la mlango wazi limekubaliwa. Fundi umeme ataitwa kwanza, Daktari wa pili, Mkurugenzi wa tatu, wifi wa mwisho. Kaka ameomba ruhusa kazini ili awepo. Mhariri amempangia mwandishi mwingine aende na daftari na mpiga picha. Mimi nitakaa nyuma, bila kalamu, kama wifi yake.

Kikao ni Jumanne, tarehe 3 Juni, saa tatu kamili asubuhi, ukumbi mdogo wa jengo la utawala.